Sauti Inayotangulia Ardhini

Kolwezi mlipuko hauanzi masikioni, unaanza miguuni. Mchana, mwamba unapopasuliwa kule kwenye mgodi wa Mashamba, kwanza sakafu hujongea chini ya nyayo kama mnyama anayejigeuza usingizini. Vikombe hugusana kabatini. Halafu, baada ya pumzi moja, mshindo hufika kwa njia ya hewa. Mgeni huruka. Mwenyeji huwa ameshashika kikombe chake.

Tata Amadi, yaani mzee Amadi, aliishi ujana wake wote ndani ya pumzi hiyo moja. Alikuwa mtu wa baruti. Alijaza matundu ya mwamba, akavuta waya, akajificha nyuma ya kifusi, kisha akapiga magoti na kulaza kiganja chini. Kiganja kilimwambia kama matundu yote yameitika kabla sikio halijajua lolote. Kazi hiyo ilimpa nyumba ya matofali yenye kizingiti kipana cha saruji, na ikachukua masikio yake kidogo kidogo. Sauti nyembamba zilimhama kwanza: nyenje, filimbi, ncha za maneno ya wajukuu. Zikabaki sauti nene, na sauti ya mkewe Amisa, ambayo haikuwa nene wala nyembamba. Amadi alisema ilikuwa na rangi ya chai ya tangawizi.

Ukoo wao ulikuja zamani kutoka Maniema, watu wa vitambaa na safari, na walikuja na desturi moja ambayo hata vumbi la Kolwezi halikuifunika. Binti akiolewa, hatoki nyumbani kimya. Bibi yake husimama kizingitini, hupiga kisigino chini, ndipo huimba. Kisigino ndicho kinachofungua wimbo, na wimbo ndio unaofungua mlango. Bila kisigino bibi harusi hainui mguu, hata magari yakipiga honi mpaka betri zife. Amisa aliwatoa hivyo mabinti wengi, wa ukoo na wa majirani. Wimbo wake ulianza kwa maneno haya: “Enda, mwana, enda, nyuma yako mulango haifungwe.”

Alifariki mvua zilipokuwa zinakatika. Alipokuwa mgonjwa alimshika mumewe mkono na kumwambia jambo moja tu la kesho.

“Amadi, Aicha asitoke kimya.”

“Hatatoka kimya.”

Aicha ni mjukuu wao, mtoto wa binti yao Farida. Sasa Aicha ameposwa na Iddy, kijana mwenye malori, na ataenda kuishi naye Kisenge, mbali huko upande wa Dilolo, ambako wakati wa mvua njia humeza magurudumu. Farida alipendekeza aitwe shangazi mmoja kutoka Likasi aje kuimba. Amadi alikataa. Sauti ya Amisa ilikuwepo. Siku moja, kwenye harusi ya jirani, Samy, mtu anayerekodi kwaya za makanisa kwa mashine nzuri, alikuwa ameichukua. Farida alikuwa nayo kwenye simu. Tatizo ni kwamba kwenye simu Amisa alisikika kama nzi ndani ya chupa.

“Huyu haiko mama yenu,” Amadi alisema, akairudisha simu kana kwamba imemchoma.

Farida huenda Dubai kununua vitenge na mashuka. Safari iliyofuata, katikati ya marobota, alirudi na kitu kidogo kizito kilichofungwa kwa kitambaa laini: mashine ya kuchezea muziki, ya wale watu wanaosikiliza muziki kama wengine wanavyosali. Ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni, na mwili wake wote ulikuwa shaba. Amadi aliigeuza mkononi muda mrefu. Kiganja kiliitambua shaba kabla ya macho.

Hapa niseme. Wako watakaocheka: mzee wa baruti wa Kolwezi, na mashine kama hiyo? Wanadhani masikio ya kuchagua ni mali ya watu wa mbali, wenye viti vya ngozi na mazulia. Lakini shaba ile ilitoka wapi? Kobalti iliyo ndani ya betri yake ilibebwa mgongoni na nani? Sisi tunatoa udongo, wengine wanapata muziki, halafu tunaambiwa kwamba kelele ndiyo haki yetu. Nakataa. Siku ile kipande cha ardhi kilikuwa kimezunguka dunia yote na kurudi nyumbani kuimba, na aliyepaswa kukisikiliza zaidi ya wote alikuwa mtu aliyekifungulia mwamba.

Samy alikuja kuwafundisha kuitumia. Aliweka wimbo ndani, akamvisha Amadi kaske, zile spika za kufunika masikio, akafungua ukurasa uliojaa majina ya Kiingereza.

“Tata, hii mashine iko na ma-filtre. Utachagula yenye unapenda.”

“Filtre ya nini? Muziki iko na takataka?”

Samy alicheka, akatazama ua uliokuwa na vumbi laini, lile linalokuja upepo ukivuma kutoka Kingamyambo, kwenye bwawa la matope ya mgodi. Alitembea hatua chache, akageuka.

“Angalia ma-trace ya miguu yangu. Ndani ya mashine, sauti ya mama haiko sauti. Iko ma-trace tu, maelfu mu segonde moja. Mashine haikumuona mama akitembea. Inaona fasi, pahali alikanyaga, njo inatafuta namna alitembea kati ya trace na trace. Filtre njo ile namna ya kutafuta.”

Kulikuwa na filtre, yaani chujio, nyingi, lakini Samy aliwapa nne majina ya nyumbani. Kali hukata sawasawa pale sauti inapoishia, haiachi takataka yoyote juu, ila huacha mawimbi madogo sana kabla na baada ya kila pigo. Fupi huyasukuma mawimbi hayo yote nyuma ya pigo, mbele panabaki safi. Pole haina ugomvi: mawimbi yake ni kidogo, lakini huacha sauti za juu zififie kama rangi ya kitenge kilichofuliwa sana. Ya mwisho ilikuwa Bila Chujio. Zaidi ya hapo palikuwa na kitufe cha kuzidisha, ambacho huongeza nyayo katikati ya nyayo, mara mbili, mara nne, mara nane, kabla mashine haijaanza kutafuta mwendo.

“Na batu banasikia tofauti?” Farida aliuliza.

“Wengi hapana, mama. Mi mwenyewe saa ingine nasikia, saa ingine najidanganya.”

Amadi hakusikia jibu hilo. Alikuwa amekwama kwenye neno moja.

“Umesema nini juu ya Kali? Mawimbi iko mbele ya pigo?”

“Njo, tata. Ndogo sana. Ni kama sauti inajipigia hodi mbele ya kufika. Batu ya muziki banaona ni mubaya.”

“Mubaya?” Amadi alivua viatu, akaweka nyayo zote mbili kwenye saruji ya kizingiti. “Weka Kali. Zidisha mpaka mwisho. Sauti ya kweli inatangulia, kijana. Inapita chini kwanza.”

Wimbo ukaanza. Uso wa mzee ukafunguka.

“Njo hii! Nasikia kisigino yake.”

Kuanzia hapo kiangazi kilikuwa cha Amadi na mashine. Asubuhi zilikuwa baridi, moshi wa makaa ukitambaa chini ya paa za jirani, naye alikaa kizingitini katika kipande cha jua, peku, kaske kichwani, macho yamefungwa. Malori ya madini yalipita barabarani na hakuyasikia. Mado, jirani anayeuza maandazi, alimpitia kila alipokwenda sokoni.

“Tata Amadi! Unaota jua na kaske kama mutoto wa shule!”

“Niko na bibi yangu, Mado. Usitusumbue.”

“Basi mumuambie anarudisha sufuria yangu!”

Alijaribu chujio zote, kwa sababu mtu wa baruti haamini tundu moja. Kila moja ilimpeleka mahali. Kwa Bila Chujio alimwona Amisa mbali, upande wa pili wa bwawa lile la matope ya Kingamyambo linalong'aa mchana, akiita kwa mikono miwili mdomoni, na sauti inakuja na chembechembe za mchanga. Kwa Pole alikuwa chumba cha pili, mlango umerudishwa, anakunja nguo na kuimba bila kujua kwamba anasikilizwa. Kwa Fupi alikuwa karibu, ila amegeuka, shingo yake tu inaonekana, na shanga zile za buluu. Alipobonyeza kuzidisha mara nane, hewa yote ilimwagika mwanga, na Amisa akawa kama ametoka kuoga mtoni na bado hajakauka.

Lakini kwa Kali alisimama kizingitini. Saruji ilijongea chini ya nyayo za Amadi. Pumzi moja. Halafu, “Enda, mwana, enda.” Mara nyingine machozi yalimtoka bila yeye kulia.

Aicha alimtazama. Ni msichana mwenye masikio ya paka, anayesikia maziwa yakikaribia kufurika akiwa nje. Alikuwa amevaa kaske mara nyingi babu yake alipokwenda kusali, na kitu kimoja kilimsumbua. Kwa Kali yeye alisikia sauti ya bibi yenye makali kidogo pembeni, kama kioo kilichokatwa. Kisigino hakukisikia. Hata kidogo.

Alasiri moja alikaa karibu na babu.

“Babu, nipe mashine. Mi nitabadilisha, wewe usiangalie. Utaniambia tu kama kisigino iko.”

“Unataka kunipima kama baruti?”

“Njo. Fumba macho.”

Akafumba. Aicha akaweka Kali.

“Iko,” alisema Amadi.

Akaweka Pole.

“Iko.”

Akaweka Fupi, akaondoa kuzidisha, akaweka Bila Chujio. Kila mara nyayo za mzee zilitulia kwenye saruji, kidevu kikainuka kidogo, na jibu likawa lile lile. Mwisho Aicha hakuucheza wimbo kabisa. Aligusa tu kioo kwa kucha, kama anayefungua.

“Iko,” alisema babu yake, akitabasamu. Akangoja. Sauti ya Amisa haikuja. Akafumbua macho, akaona kidole cha mjukuu wake kimesimama hewani, na tabasamu likamwisha polepole.

“Hukuweka kitu?”

“Hapana, babu. Unisamehe.”

Mzee alivua kaske. Dunia ikarudi: honi, jogoo wa Mado, nyundo ya mtu anayepiga mabati.

“Basi kisigino iko mu miguu yangu,” alisema. “Haiko mu mashine.”

Samy aliitwa. Alikuja na kompyuta yake ya kazi, iliyobandikwa picha za kwaya, akafungua wimbo na kuuonyesha kwenye kioo, umelala kama safu ya vilima. Mwanzo wake ulikuwa wima, kama ukuta wa shimo la madini. Hakuna kilima kidogo kabla. Samy aliutazama, akajikuna shingo.

“Tata, mi njo nilikata. Mbele ya mama kuimba kulikuwa kelele: viti vinavutwa, batoto, mutu anagonga chini. Nilizania ni bruit, fujo tu. Nilisafisha.”

“Kugonga chini, njo wimbo ule!” Farida alipiga kiganja juu ya kiganja. “Samy, umekata mulango umeacha nyumba!”

“Sikujua desturi yenu, mama. Kwetu kwa kanisa tunakatanga vile.”

“Na ile ya kwanza, yenye haijakatwa?” Farida aliuliza.

“Nilifuta. Karte ya kurekodia ilijaa.”

Hapo kila mtu alielewa kilichobaki. Wimbo upo, ufunguo wake haupo, na harusi ilikuwa karibu kiasi kwamba hina ilikuwa imeshalowekwa. Amadi alishika mashine ya shaba kwa mikono miwili.

“Hiki kitufe cha kuzidisha. Kinaongeza trace kati ya trace. Kiongeze moja mbele.”

“Kati, tata. Mbele hapana.” Samy alisema kwa upole. “Fasi mutu alikanyaga, mashine inaweza kutafuta mwendo yake. Fasi trace ilifagiwa, hakuna kitu ya kutafuta. Filtre yote ya dunia haiwezi.” Akafikiri. “Naweza kugonga hata mugongo ya mulango, nirekodi ko-ko, nibandike mbele. Hakuna mwenye atajua.”

“Amisa hakukuwa mulango,” alisema Amadi.

“Basi tuite shangazi wa Likasi,” Farida alisema. “Tata, bado kuna wakati. Mama ataelewa.”

Mchana ule mwamba ulipasuliwa Mashamba. Saruji ikajongea, vikombe vikagusana, na Amadi, kwa mazoea ya maisha yake yote, akalaza kiganja juu ya kizingiti. Alikaa hivyo hata baada ya mshindo kupita, kama mtu anayemshika mwenzake asiondoke.

“Aicha,” alisema baadaye, “chagula filtre. Mi masikio yangu yalibaki shimoni. Chagula yenye itakuwa bibi kwako.”

Aicha alivaa kaske na kuzipitia chujio zote bila haraka, akirudi nyuma, akiinamisha kichwa. Alizima kuzidisha. Alirudi tena.

“Pole,” alisema. “Bila kuzidisha. Bibi hakukuwa mukali, na hakukuwa anajipamba.”

“Na kisigino?” Farida aliuliza.

“Mi nitangoja,” Aicha alisema. “Nitasimama pale mpaka ipigwe.”

Siku ya harusi upepo ulilala. Ua ulikuwa umefagiwa na kunyunyiziwa maji, na vumbi likawa laini kama unga wa bukari, ugali wa huko. Lori la Iddy, limeoshwa mpaka linang'aa, lilisimama nje na maua ya karatasi kwenye vioo. Samy aliweka spika mbili kubwa ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, akaiunganisha mashine ya shaba, akasimama hapo na kidole tayari, jasho likimtoka. Wanawake wa ukoo walijipanga pande mbili za njia. Shangazi wa Likasi alikuwepo pia, amevaa vizuri, koo ameshalisafisha. Farida alikuwa amemwita kimya kimya.

Aicha akaja kutoka chumbani, mikono imechorwa, kichwa kimefunikwa. Akafika kizingitini. Akasimama.

Vigelegele vikaisha. Kwa kawaida ndipo kisigino hulia. Wanawake wakatazamana. Honi ya lori ikapigwa, mtu akaikemea. Aicha hakuinua mguu. Samy alimtazama Farida, Farida akamtazama shangazi, na shangazi akapiga hatua moja mbele, kwa heshima, kama anayeomba ruhusa.

Tata Amadi alikuwa upande wa wanaume, kwenye kiti cha plastiki. Akainuka. Akavua kiatu kimoja, halafu cha pili, akaviacha vimelala ubavu. Akapita katikati ya wanawake, mahali ambapo hakuna mwanamume wa ukoo wao aliyewahi kupita saa kama ile, kanzu yake ikiburuta vumbi.

“Eh, mama!” Mado alipasua kimya kutoka ukutani. “Tata Amadi amekuwa bibi!”

Kicheko kikapita, kikawa mguno, kikazimika. Mzee alikuwa amesimama kizingitini kando ya mjukuu wake. Hakumtazama mtu. Alitazama chini, mahali pale palipochakaa kidogo, ambapo kisigino kimoja kiliwapigia mabinti wengi kabla ya huyu. Akainua mguu wake mzito wa mtu wa baruti, akaupiga.

Saruji ikaitika. Wale walio karibu waliisikia kwanza miguuni. Pumzi moja ikapita, na Samy, ambaye hakuna aliyempa ishara, akabonyeza.

“Enda, mwana, enda, nyuma yako mulango haifungwe.”

Haikutoka kama nzi ndani ya chupa, wala haikung'aa kama maji ya mto. Ilitoka kama mtu aliye chumba cha pili, mlango umerudishwa, anayejua sasa kwamba anasikilizwa. Ilikuwa imefifia kidogo juu, kama kitenge kilichofuliwa na kupendwa. Farida alifunika mdomo. Shangazi wa Likasi aliitikia kiitikio, na wanawake wote nyuma yake, na ua mzima ukajaa. Aicha akainua mguu, akauvuka mlango.

Alipofika kwenye lori aligeuka. Babu yake alikuwa bado kizingitini, mguu ule ule umekandamizwa chini, kana kwamba akiuinua wimbo utakatika. Aicha akainua mkono uliochorwa. Naye akainua wake. Halafu lori likaondoka, na honi zake zikafifia kuelekea barabara ya Kisenge.

Wageni walikula, wakaaga. Samy alikunja nyaya zake, akamletea mzee mashine, akaondoka. Amadi hakuvaa kaske. Alikaa peku kizingitini, shaba ikipoa mapajani mwake, akitazama ua. Nyayo za watu wengi zilikuwa zimechanganyika kila mahali, lakini kutoka mlangoni mpaka penye lori kulikuwa na mstari mmoja wa nyayo ndogo ambao wanawake, waliposimama pande mbili, hawakuukanyaga.

Mado alitokea na ufagio wake wa vijiti, kanga imekazwa kiunoni.

“Tata, inua miguu. Tufagie mbele ya giza.”

“Acha kwanza, Mado.”

“Na hii vumbi yote?”

“Acha,” alisema. “Bado anapita.”

Mado alimtazama, akatazama ua, akaegemeza ufagio ukutani na kuketi kando yake.